"Bodi haijakaa": Chombo cha kusimamia uvuvi kikutane mara ngapi kwa mwaka?

Kuna jibu moja ambalo mfanyabiashara wa samaki katika nchi zetu amelisikia mpaka limemchosha. Umepeleka maombi ya kibali, umelipa ada, risiti unayo mfukoni, na hii ni mara ya tatu unarudi kuuliza. Karani anakutazama kwa huruma na kukwambia, "Bodi haijakaa." Unamuuliza itakaa lini. Hajui. Wala hakudanganyi, kwa sababu ofisi nyingi kweli hazijui.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuingia ubia na wenzake wawili kupeleka dagaa wakavu ng'ambo ya mpaka. Mzigo ulikuwa magunia 140, umefungwa tayari na gari limeshapatikana. Ndipo tukaambiwa kwamba upo utaratibu mpya: kibali cha mzigo wa aina ile hakitolewi tena na ofisa peke yake, lazima maombi yapitishwe na bodi. Bodi ilikuwa imekutana siku nne kabla hatujapeleka karatasi zetu. Kikao kilichofuata kikaahirishwa kwa kukosa akidi. Masika yakatukuta ghalani, magunia yakavuta unyevu, ukungu ukaingia. Tukawauzia wafuga kuku kwa bei isiyofika nusu ya tuliyotarajia. Kibali kilitoka baadaye sana, na nilipokuja kuonyeshwa kumbukumbu za kikao hicho nikaona maombi yetu yamepitishwa kwa mstari mmoja, bila mjadala.

Bodi yenyewe sitaitaja, maana waliokuwapo wameshaondoka na si nia yangu kulipiza kisasi. Ila mstari ule mmoja ndio ulionifanya nianze kufuatilia suala ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni la wanasheria: bodi, mamlaka au baraza linalosimamia uvuvi lifanye vikao mara ngapi kwa mwaka?

Hesabu ya kungoja

Mtu wa ofisini huhesabu miezi. Mwenye mzigo huhesabu siku, na mwenye minofu ya sangara kwenye barafu huhesabu saa. Tuseme gari la kukodi linadai shilingi 250,000 za Tanzania kwa kila siku linayolala bila kushusha. Siku 21 ni shilingi 5,250,000, hata kabla hujamlisha dereva na utingo wake, na kabla hujapiga hesabu ya riba kwa aliyekukopesha mtaji. Mzigo wa dagaa wenye faida ya kawaida hauwezi kubeba gharama hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara anabaki na njia mbili. Moja ni kuuza hapohapo kwa hasara. Ya pili wote tunaijua: mtumbwi wa usiku, njia ya panya, na "chai" njiani.

Hapo ndipo suala linapogusa hata mwenye nia ya kulinda ziwa. Kila kikao kinachochelewa kinasukuma sehemu ya biashara halali kwenda gizani. Samaki waliopita gizani hawaandikwi popote, na bodi itakapokutana itasoma takwimu pungufu. Nimewahi kusikia maofisa wakilalamika kwamba wafanyabiashara hawatoi taarifa sahihi, lakini sijasikia hata mmoja akiuliza ni wangapi walijaribu kutoa taarifa na wakaambiwa wasubiri.

Sheria inasema nini

Kwa mashirika ya umma ya Kenya, ambako Huduma ya Uvuvi ya nchi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, kanuni ya jumla iko wazi. Sheria ya Mashirika ya Umma inataka bodi ikutane si chini ya mara nne katika mwaka wa fedha, na isipite zaidi ya miezi minne kati ya kikao kimoja na kinachofuata. Nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo: kikao kimoja kila robo mwaka, pamoja na uwezo wa mwenyekiti kuitisha kikao cha dharura.

Watu wengi wakisoma kifungu hicho wanaona neno "nne" tu. Mimi naona lile la miezi minne ndilo lenye uzito zaidi. Bila sharti hilo bodi ingeweza kukaa vikao vinne ndani ya miezi mitatu, ikatimiza sheria, kisha ikalala hadi mwaka mwingine. Sharti la nafasi kati ya kikao na kikao ndilo linalomlinda mwenye mzigo.

Lakini hebu tuliweke sharti hilo juu ya ziwa tuone. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena, yaani dagaa wetu, hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi minne kamili. Maana yake ni kwamba bodi inaweza kukutana siku ya mwisho ya Machi, ikakutana tena siku ya mwisho ya Julai, ikawa haijavunja kifungu hata kimoja, na wakati huohuo ikawa haijaketi hata mara moja katika kipindi cha kufungwa kabla ya siku yake ya mwisho.

Si kwamba bodi ndiyo inayofunga maji kila mwaka. Tarehe hizo zinafahamika, na mvuvi wa Homa Bay au Siaya anazijua kuliko mjumbe yeyote. Jambo ni yale yanayozaliwa ndani ya miezi hiyo minne. Omena haikomi kuliwa Kenya eti kwa sababu maji yamefungwa. Soko linageukia dagaa wa Tanzania na Uganda, magari yanaongezeka Sirari na Busia, na maswali yanaongezeka pamoja nayo. Dagaa hawa wametoka wapi? Ni wa nje kweli, au wamevuliwa usiku upande uliofungwa wakapewa karatasi za upande wa pili? Cheti gani kinatosha? Aliyenunua mzigo Machi na kuuhifadhi ghalani athibitishe vipi kwamba ni wa Machi? Ofisa wa mpakani hana mamlaka ya kuamua yote hayo. Anapeleka juu, na huko juu anakutana na lile jibu tuliloanza nalo.

Kalenda ya mwezi na kalenda ya mwaka wa fedha

Anayefanya biashara ya dagaa anajua kwamba mwaka wake hauendi kwa robo. Unaendeshwa na giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbalamwezi ikiwa kamili. Kwa hiyo kila baada ya siku 29 au 30 kuna siku mitumbwi hupumzika, mialo inatulia, na bei inapanda. Giza likirudi, mzigo unashuka kwa wingi na bei inashuka nao. Hali ni hiyohiyo Mwanza, Musoma, Kigoma na Kalemie. Bodi inayokutana kila robo mwaka hupitwa na magiza matatu kati ya kikao na kikao, na kwa mchuuzi magiza matatu ni misimu mitatu ya kununua.

Juu ya hapo kuna mvua. Dagaa huanikwa mchangani, kwenye nyasi au juu ya vichanja, na masika ndiyo adui yake mkubwa. Kibali kilichochelewa kutoka Agosti hadi Septemba kinaumiza. Kilichochelewa kutoka Machi hadi Aprili kinaua mtaji. Siku ni zilezile kwenye karatasi, lakini kwa mwenye magunia hazilingani hata kidogo.

Kwa hiyo wapo wanaosema dawa ni bodi ikutane kila mwezi. Nilikuwa na mawazo hayo zamani, na bado nawaelewa wanaoyashikilia. Siku hizi siko upande huo tena, na sababu kubwa ni namna maarifa ya ziwa yanavyopatikana.

Sensa ya uvuvi katika Ziwa Victoria, ile ya kuhesabu mialo, mitumbwi, injini, nyavu na wavuvi, ilipangwa tangu mwaka 2000 kufanywa kila baada ya miaka miwili kwa nchi zote tatu. Tafiti za kupima wingi wa samaki kwa vyombo vya sauti nazo ni kazi ya meli, wataalamu na fedha nyingi, hazifanywi kila wiki. Sasa bodi ikikutana kila mwezi kujadili hali ya samaki, itajadili nini? Mwezi wa pili itasoma karatasi ileile ya mwezi wa kwanza. Na binadamu aliyeitwa kikaoni na kulipwa posho hapendi kuondoka bila kuamua kitu. Ataamua. Mwezi huu ukubwa wa tundu la wavu, mwezi ujao aina ya taa, mwezi wa tatu barua ya kufafanua uamuzi wa mwezi wa kwanza. Mwenye kununua nyavu za mamilioni hawezi kuishi na kanuni zinazobadilika kama bei ya nyanya.

Suala la posho nalo tuseme wazi. Wajumbe wanasafirishwa, wanalazwa hoteli, wanalipwa. Fedha hizo zinatokana kwa sehemu na leseni na tozo tunazolipa sisi. Vikao kumi na viwili vyenye ajenda nyembamba ni mzigo utakaorudi kwetu kwa sura ya ada mpya.

Mambo mawili yaliyofungwa katika gunia moja

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba bodi nyingi zimepewa kazi mbili zenye mwendo tofauti na zinazifanya kwenye meza moja. Kazi ya kwanza ni ya samaki: ni kiasi gani kivuliwe, wapi pafungwe, sangara wa urefu gani asiguswe. Hiyo inakwenda na utafiti, na kikao kimoja kizito kwa mwaka kinatosha, mradi kifanyike kabla ya msimu. Kazi ya pili ni ya biashara: vibali, vyeti, malalamiko, mizigo iliyokwama. Hiyo inakwenda na siku. Ukizichanganya, ya kwanza inaharakishwa na ya pili inacheleweshwa.

Wenzetu wa mbali wamelitazama jambo hili kwa namna ambayo si mbaya kuiiga. Nchini Marekani, Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki hukutana mara tano kwa mwaka: Machi, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Ukiangalia haraka unaona miezi imerukaruka bila mpango. Ukweli ni kwamba inamfuata samaki. Kikao cha Machi hutoa mapendekezo kadhaa ya msimu wa samoni ili wavuvi na wanunuzi wayatolee maoni, na cha Aprili hupitisha moja, kabla ya mwaka mpya wa usimamizi kuanza katikati ya Mei. Tarehe na ajenda hutangazwa mapema. Mwenye kiwanda anajua wiki gani asafiri kwenda kusema lake.

Ulaya nako mawaziri wa uvuvi huketi kila Desemba kugawana viwango vya mwaka unaofuata, na mara nyingi mazungumzo hukesha hadi alfajiri. Wengi wanaulaumu mtindo huo wa kukesha, na wana haki. Lakini hakuna mnunuzi wa samaki Ulaya asiyejua kwamba Desemba ndiyo Desemba.

Sisi wenye maji ya pamoja tuna ngazi zaidi za kupanda. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyozaliwa na mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, ina kamati za wataalamu, kamati ya wakuu wa uvuvi, kamati ya makatibu wakuu na juu kabisa Baraza la Mawaziri. Jambo huanzia chini na kupanda. Kikao cha ngazi moja kikiahirishwa, kwa uchaguzi katika nchi moja, kwa kubadilishwa waziri katika nchi nyingine, au kwa mchango wa fedha ambao haujalipwa, ngazi zote za juu yake zinangoja. Hakuna anayeweza kudai mawaziri watatu au zaidi wakutane kila mwezi kwa ajili ya dagaa. Ndiyo maana si busara mambo ya lori na cheti kupandishwa ngazi hizo.

Yale ya samaki wenyewe, huko ndiko kwao, na uzuri wake unaonekana pale yanapofanywa kwa mpangilio. Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Mkataba wao ulitiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 na mamlaka yao iko Bujumbura. Katika utekelezaji wa makubaliano ya nchi hizo, upande wa Tanzania ulifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu bila migebuka na dagaa si jambo dogo kwa Kigoma. Hata hivyo, mwenye lori akiwa na tarehe mbili mkononi, ya kufunga na ya kufungua, anaweza kupanga. Anaweza kutafuta chumvi ya Uvinza, mawese au mahindi, akapeleka gari matengenezo makubwa, akamwambia mwenye benki kwamba marejesho ya Juni yatachelewa. Anayeshtukizwa wiki moja kabla hana la kufanya ila kulalamika redioni.

Kwa hiyo hata pale ambapo uamuzi ni mchungu, muda kati ya uamuzi na utekelezaji unaweza kuwa na thamani kuliko idadi ya vikao. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, ina kikao kikuu kimoja kwa mwaka, na hatua zake za lazima haziwi na nguvu hadi zipite siku 120 tangu wanachama waarifiwe. Siku 120 ni muda wa kuuza ulichonacho na kununua unachotakiwa kuwa nacho.

Dharura

Hapa ndipo kalenda zote hukwama. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na zuio likaondolewa katikati ya mwaka huo. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ya habari za watu kutumia sumu kuvulia ziwani. Waliokuwa kwenye viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Entebbe wakati ule hawajasahau: zamu zilipunguzwa, vibarua wakarudishwa nyumbani, bei mwaloni ikaporomoka. Uganda ilirudi sokoni ndani ya mwaka huohuo wa 1999. Tanzania na Kenya zikafuata mwaka 2000. Kilichotofautisha nchi na nchi ni muda uliotumika kuonyesha kwamba ukaguzi upo, maabara zipo, na kuna chombo chenye mamlaka ya kusaini na kuwajibika. Mnunuzi wa Ulaya hangoji robo ya mwaka ya mtu mwingine ifike.

Kwa hiyo kifungu cha dharura lazima kiwepo, na kiwe na makali: kikao ndani ya siku saba, akidi ndogo, wajumbe walio mbali wakubaliwe kushiriki kwa mtandao. Baada ya janga la korona la mwaka 2020 hakuna tena bodi inayoweza kusema haiwezekani.

Ila dharura nayo ina mipaka yake, na funzo tunalo hapahapa pwani. Februari 2023 Kamisheni ya Jodari iliitisha kikao maalumu Mombasa kujadili vielea ambavyo meli kubwa za nyavu hutumia kukusanya jodari. Azimio likapita kwa kura, likiwemo suala la kusitisha matumizi ya vielea hivyo kwa siku 72 kila mwaka. Mashabiki wa uvuvi mdogo walishangilia. Baadaye zaidi ya theluthi moja ya wanachama wakaweka pingamizi, na azimio likakosa nguvu ya kuwafunga. Mwaka uliofuata, katika kikao cha kawaida kilichofanyika Bangkok, wanachama wakapitisha azimio jingine kuhusu vielea hivyohivyo. Kuitisha kikao ni rahisi. Kukubaliana ndiko kunakohitaji muda, na muda huo hutumika nje ya ukumbi, kabla watu hawajakaa.

Ingekuwa juu yangu

Ningeacha vikao vinne vya kawaida kama vilivyo, lakini ningevitoa kwenye kalenda ya mhasibu na kuvipeleka kwenye kalenda ya maji. Kimoja Februari, kabla ya masika na kabla ya Kenya kufunga omena, na hicho ndicho kingekuwa kikao kizito cha samaki, chenye ripoti za watafiti mezani. Kingine Juni, katikati ya kipindi cha kufungwa, kusikiliza yanayotokea mipakani. Cha tatu Septemba, baada ya maji kufunguliwa, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Cha mwisho Novemba, kabla ya pilika za mwisho wa mwaka. Nafasi kubwa kuliko zote hapo ni miezi minne, kati ya Februari na Juni, na tena haizidi. Sheria haivunjwi na hakuna posho hata moja inayoongezeka.

Kati ya vikao hivyo ningeweka kamati ndogo ya watu watatu au wanne yenye kukutana kila mwezi, siku zilezile za mbalamwezi ambazo mialo imetulia na wafanyabiashara wana nafasi ya kufika. Kamati hiyo isiguse suala la samaki. Ipewe vibali, malalamiko na mizigo iliyokwama tu, na uamuzi wake uwe na nguvu siku hiyohiyo, bodi kamili ikiletewa taarifa baadaye. Maombi yetu yale ya magunia 140 yangemalizika kwenye meza ya namna hiyo kwa dakika tano.

Na kuna jambo moja ambalo lisipokuwapo hayo mengine yote hayana maana kwa msafirishaji: mzigo ulioko njiani siku ya uamuzi usihukumiwe kwa kanuni iliyozaliwa ukiwa njiani. Gari lililotoka Mwanza kwenda Lubumbashi linapita Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, na foleni za huko hazitabiriki. Haliwezi kuondoka na karatasi halali na kufika na karatasi batili. Siku 30 za matazamio kwa kanuni yoyote ya usafirishaji, isipokuwa pale penye hatari ya afya, si ombi kubwa.

Wapo watakaosema kamati ndogo ni mlango wa rushwa, kwamba watu watatu wanahongeka kwa urahisi kuliko kumi na mmoja. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini rushwa inayotukuta sasa haiko kwenye bodi. Iko kwenye kungoja bodi. Anayekuuzia njia ya mkato anakuuzia siku. Siku za kungoja zikipungua, bidhaa yake inapungua bei. Kamati ibandike ukutani na mtandaoni orodha ya maombi yote, tarehe yaliyopokelewa na tarehe yaliyoamuliwa, na kila mtu ajisomee.

Ndugu msomaji, lipo pia la upande wetu. Vyama vyetu vya wafanyabiashara na wasafirishaji huenda kwenye bodi baada ya maji kumwagika, tena kwa maneno matupu. Ajenda ya kikao hufungwa siku kadhaa kabla, na lisilomo humo husogezwa mbele hata kama ni zito kiasi gani. Chama chenye uongozi makini kinaweza kufanya mambo manne wiki hii bila kungoja sheria ibadilike: kumwandikia katibu wa bodi kuomba ratiba ya vikao vya mwaka mzima, kuuliza ni siku ngapi kabla ya kikao ajenda inafungwa, kupeleka hoja moja tu kwa kila kikao, yenye namba za vibali na tarehe zilizopotea, na kuomba nakala ya uamuzi kwa maandishi. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na nakala mkae nayo. Katibu asipojibu ndani ya mwezi, pelekeni nakala hiyo kwa wizara na kwa mbunge wenu, mkionyesha tarehe ya muhuri.

Wanaosafirisha kuelekea Kenya wasingoje mwezi huo upite. Mzigo wowote wa dagaa utakaonunuliwa kabla ya 1 Aprili na kuuzwa baada ya hapo uwe na risiti ya mwaloni yenye tarehe, na kibali chenye tarehe isiyopishana na ya risiti.